Marejeo ya Law & Order: Uongo wa polisi ambao shabiki alizoea kuupigia makofi

Na Mwandishi Wetu

MIAKA karibu 12 ni muda mrefu kwa mtu kusubiri tamthilia. Mashabiki wa Law & Order, tamthilia ya Marekani inayohusu polisi na waendesha mashtaka wa jiji la New York, walisubiri tangu Mei 2010, kituo cha televisheni cha NBC kilipoifuta baada ya misimu 20, hadi usiku wa Alhamisi ya Februari 24, 2022, iliporejea hewani kwa msimu wa 21. Haukuwa usiku mwema kwa kurejea. Siku hiyohiyo majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia Ukraine, na macho ya dunia yalikuwa kwingine. Hata hivyo shabiki wa kweli alikaa mbele ya luninga yake kwa wakati.

Subira hiyo ilikuwa na uchungu wake. Ilipofutwa mwaka 2010, Law & Order ilikuwa imefikia tu rekodi ya misimu 20 iliyowekwa na tamthilia ya wachunga ng'ombe iitwayo Gunsmoke, na msimu mmoja zaidi ungeiweka peke yake kileleni. Mtoto wake, Law & Order: Special Victims Unit, iliyoanza mwaka 1999, ndiyo iliyokuja kuivunja rekodi hiyo mwaka 2019. Kwa hiyo mtunzi na mwasisi wake, Dick Wolf, alipopata nafasi ya kuirudisha, wengi waliona kwamba deni la zamani linalipwa.

Shabiki alitaka nini? Alitaka vitu vichache na vyote alivyopewa: ule mgongo wa sauti mbili nzito unaotenganisha tukio moja na jingine, maiti katika dakika za kwanza, nusu ya kwanza ya wapelelezi na nusu ya pili ya mahakama, na Jack McCoy, mwendesha mashtaka anayeigizwa na Sam Waterston tangu mwaka 1994, sasa mzee mwenye mvi akiwa mkuu wa ofisi. Anthony Anderson alirudi kama mpelelezi Kevin Bernard. Kando yake aliwekwa mpelelezi mpya, Frank Cosgrove, aliyeigizwa na Jeffrey Donovan, na mahakamani akaingia Nolan Price, aliyeigizwa na Hugh Dancy.

Ni huyu Price aliyewaudhi.

Sehemu hiyo ya kwanza iliitwa "The Right Thing", yaani jambo lililo sahihi. Msanii mashuhuri, Henry King, aliyekuwa amefungwa kwa kubaka, anaachiwa huru baada ya hukumu yake kutenguliwa, na muda si mrefu anakutwa ameuawa kwa risasi. Upelelezi unaishia kwa mwanamke mmoja miongoni mwa wale aliowadhulumu. Katika chumba cha mahojiano Cosgrove anampata kwa kumdanganya, na mwanamke yule anakiri. Kwa shabiki aliyeizoea tamthilia hii, hapo kazi ya nusu ya kwanza imekwisha: pingu, mlio wa sauti mbili, kesho mahakamani. Lakini Price anasikiliza ungamo lile na kukataa kulitumia. Hasemi kwamba sheria inalikataza. Anasema si haki. Wenzake wanamshangaa, polisi wanamkasirikia, na kesi iliyokuwa imekamilika inaanza upya ikiwa imeguguna sehemu yake bora kabisa.

Hasira ya mtazamaji katika hali kama hiyo si ya kupuuzwa, na wala haitokani na ujinga. Shabiki anayeuliza kwa nini mwendesha mashtaka anautupa ushahidi uliopatikana kihalali ameielewa sheria ya Marekani vizuri kuliko watu wengi. Mwaka 1969, katika shauri la Frazier dhidi ya Cupp lililotoka jimbo la Oregon, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa na mtuhumiwa wa mauaji ambaye polisi walimweleza kwamba binamu yake amekwisha kukiri. Haikuwa kweli. Mtuhumiwa naye akakiri. Majaji walisema uongo ule peke yake hautoshi kulifanya ungamo kuwa si la hiari. Tangu hapo polisi wa Marekani wameruhusiwa kumwambia mtuhumiwa kwamba yuko shahidi aliyemwona, kwamba vinasaba vyake vimepatikana, kwamba mwenzake amemtaja, ilhali hakuna hata kimoja. Onyo maarufu la haki ya kunyamaza na kupata wakili, lililotokana na shauri la Miranda la mwaka 1966, linamlinda mtu asilazimishwe kusema. Halimlindi asidanganywe.

Na shabiki huyo aliyajua haya kutoka wapi? Aliyajua kutoka kwenye Law & Order yenyewe. Kwa misimu 20 alimwona mpelelezi baada ya mpelelezi, Lennie Briscoe wa marehemu Jerry Orbach akiwa mpendwa kuliko wote, akiingia chumba cha mahojiano na faili nene lisilo na kitu ndani, akilibwaga mezani na kumwambia mtuhumiwa kwamba mchezo umekwisha. Ulikuwa ustadi. Ulichekesha. Mtazamaji alijua kwamba faili ni tupu, mtuhumiwa hakujua, na raha yote ilikuwa katika tofauti hiyo. Aliyedanganywa alikuwa na hatia takriban kila mara, kwa sababu waandishi wa hadithi ndivyo walivyopanga. Baada ya hapo ungamo lilipelekwa nusu ya pili kama kijiti cha mbio za kupokezana, na kama wakili wa utetezi alijaribu kuliondoa kwa hoja za kisheria, mtazamaji alimwona wakili huyo kama kikwazo.

Shirika la kutetea haki za Wamarekani weusi la Color Of Change lilitoa ripoti Januari 2020 iliyopitia sehemu 353 za tamthilia 26 za uhalifu za msimu wa 2017 na 2018. Hitimisho lake ni kwamba tamthilia hizo huwafanya watazamaji wayaone makosa ya polisi na waendesha mashtaka kuwa jambo la kawaida, na hata la lazima, madhali wanaoyatenda ni "watu wazuri" wa hadithi. Miezi minne baadaye George Floyd aliuawa na polisi huko Minneapolis, na vituo vya televisheni vikaanza kuzipima upya hadithi zao. Kipindi cha Cops, kilichokuwa kikiwafuata polisi kazini, kilifutwa Juni mwaka huo na kampuni iliyokuwa ikikirusha. Katika hewa ya namna hiyo, Law & Order isingeweza kurejea mwaka 2022 na faili tupu la Briscoe kana kwamba hakuna kilichotokea. Ilibidi mtu fulani ndani ya hadithi ashtuke. Price alipewa kazi hiyo.

Kwa hiyo kile kilichomchoma shabiki si sheria. Ni mkataba wa zamani kati ya nusu mbili za kipindi uliovunjwa mbele ya macho yake. Hapo zamani polisi na waendesha mashtaka waligombana juu ya ushahidi ulio hafifu. Sasa wanagombana juu ya ushahidi ulio imara, na anayeudhoofisha ni upande uleule unaotakiwa kuutumia. Kwa mtu aliyekuja kustarehe baada ya siku ya kazi, hilo ni kama refa kuikataa penalti ya timu yake mwenyewe.

Hata hivyo iko sababu nyingine, na hiyo ni nzito zaidi. Kisa cha Henry King kilichotwa waziwazi kutoka katika shauri la mchekeshaji Bill Cosby. Cosby alipatikana na hatia Aprili 2018 katika jimbo la Pennsylvania kwa kumdhalilisha kingono Andrea Constand, akahukumiwa Septemba mwaka huo kifungo cha kati ya miaka mitatu na 10. Juni 30, 2021, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilitengua hukumu hiyo, na akatoka gerezani siku hiyohiyo baada ya kutumikia karibu miaka mitatu. Mwenyewe amekuwa akizikana tuhuma hizo wakati wote. Mitaani ilisemwa kwamba ameponea tundu la sindano la kisheria. Majaji walisema jambo jingine. Walisema kwamba mwaka 2005 mkuu wa mashtaka wa wilaya, Bruce Castor, alitangaza kuwa Cosby hatashtakiwa. Kwamba kwa kulitegemea neno hilo Cosby hakuwa tena na haki ya kukataa kujibu maswali katika kesi ya madai. Kwamba alijibu, na majibu yake yakaja kutumiwa dhidi yake na waendesha mashtaka waliofuata. Serikali, kwa maoni yao, haiwezi kumfanya mtu afungue kinywa kwa ahadi na kisha kumfunga kwa maneno yaliyotoka humo.

Msomaji akiziweka hoja hizo kando ya chumba cha mahojiano cha Cosgrove, ataona kwamba ni suala lilelile. Mwanamume tajiri na maarufu aliachiwa kwa sababu neno la serikali alilolitegemea lilivunjwa. Mwanamke asiye na jina alinaswa kwa sababu aliliamini neno la afisa wa serikali ambalo lilikuwa uongo tangu mwanzo. Wa kwanza alikuwa na mawakili na neno lililotangazwa hadharani. Wa pili alikuwa na kiti, meza na mpelelezi mwenye sauti ya upole. Shabiki aliingia katika sehemu hii akiwa na hasira kwamba kanuni ya kuheshimu neno la serikali imemnufaisha mtu kama King, na dakika 30 baadaye akajikuta anamkasirikia Price kwa kutaka kanuni ileile imfae mwanamke ambaye shabiki huyohuyo anamhurumia. Si ajabu alichanganyikiwa. Hadithi ilimtega, na huenda hata waandishi wenyewe hawakuuona mtego huo wote, maana mjadala wao haukuyaunganisha mambo haya mawili kama ulivyoweza.

Hapa ndipo sehemu hiyo inapostahili lawama, ingawa si ile aliyoitoa shabiki. Katika hadithi, mwanamke aliyedanganywa ndiye aliyeua kweli. Uongo wa polisi ulizaa ukweli. Price akabaki anabishania adabu ya kupata ukweli, jambo la heshima lakini lisilomtisha mtazamaji, kwa kuwa mtazamaji tayari anajua aliyefyatua risasi. Hatari halisi ya uongo wa chumba cha mahojiano ni kwamba mara nyingine huzaa uongo mwenzake. Zaidi ya robo ya Wamarekani waliosafishwa kwa vipimo vya vinasaba baada ya kufungwa walikuwa wamekiri, au kutoa maelezo ya kujitia hatiani, kwa makosa ambayo hawakuyatenda. Mtu aliyelala chini, mwenye usingizi, njaa na hofu, akiambiwa kwa saa nyingi kwamba ushahidi dhidi yake umekamilika, hufika mahali akaona kwamba kukubali ndiyo njia pekee ya kurudi nyumbani.

Law & Order haikuhitaji kwenda mbali kuutafuta mfano. Aprili 1989 mwanamke aliyekuwa akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, New York, alibakwa na kupigwa karibu ya kufa. Vijana watano, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wenye umri wa miaka 14 hadi 16, walihojiwa na polisi. Wanne kati yao walirekodiwa kwa video wakikiri. Wa tano, Yusef Salaam, hakurekodiwa wala hakutia saini. Mpelelezi alimwambia kwamba polisi wamepata alama za vidole kwenye nguo za mwanamke yule, na zikifanana na zake basi amekwisha. Alama hizo hazikuwapo. Baraza la raia linaloamua kesi huko, yaani juri, liliwatia hatiani watatu wa kwanza Agosti 18, 1990, na wawili waliobaki Desemba mwaka huo.

Katikati ya hukumu hizo mbili, Septemba 13, 1990, NBC ilirusha kwa mara ya kwanza tamthilia mpya kuhusu wapelelezi na waendesha mashtaka wa Manhattan. Ilikuwa Law & Order. Jiji lilelile, mwaka uleule, na hata mkuu wa mashtaka wa kwanza katika tamthilia, Adam Schiff, alichorwa kwa sura ya Robert Morgenthau, mkuu wa mashtaka wa kweli wa Manhattan ambaye ofisi yake iliwashtaki vijana hao. Mwaka 2002 mfungwa mmoja, Matias Reyes, alijitokeza na kusema kwamba alitenda unyama ule peke yake, vinasaba vikathibitisha. Ofisi ya Morgenthau yenyewe iliiomba mahakama ifute hukumu zote, zikafutwa Desemba 2002. Mwaka 2014 jiji lilikubali kuwalipa Dola za Marekani milioni 41. Wakati huo wote, kwenye luninga, faili tupu liliendelea kubwagwa mezani na mtuhumiwa kuendelea kuwa na hatia.

Nchi nyingine zenye sheria za asili ya Kiingereza hazikulichukulia jambo hili vivyo hivyo. Huko Uingereza kwenyewe, mwaka 1987, Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu ya kijana aitwaye Mason, ambaye polisi walimwambia yeye na wakili wake kwamba alama ya kidole chake imepatikana kwenye kipande cha chupa iliyotumika kuchoma moto mali. Ilikuwa uongo, na majaji walikerwa hasa na kudanganywa kwa wakili. Kwa Tanzania, mahakama huuliza kwanza kama ungamo lilitolewa kwa hiari, na ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha hivyo. Mshtakiwa akiyapinga maelezo yake ya onyo, huendeshwa kesi ndani ya kesi ili kulipima hilo. Aidha, tangu shauri la Tuwamoi dhidi ya Uganda la mwaka 1967, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, mahakama za ukanda huu hulitazama kwa tahadhari ungamo lililokanwa, na kwa kawaida hutafuta ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Price angepata wenzake wa kukubaliana naye Dar es Salaam au Kampala kwa urahisi kuliko alivyowapata Manhattan, walau katika vitabu. Yanayotendeka vituoni ni habari nyingine.

Iko pia hila moja ambayo tamthilia zote za mahakama huifanya na ambayo shabiki ameizoea mno hata haioni. Price alikuwa na baraza la raia la kulishawishi. Katika Marekani ya kweli huenda asingelifikia kamwe. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilieleza mwaka 2012, katika shauri la Missouri dhidi ya Frye, kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho na asilimia 94 katika zile za majimbo hutokana na washtakiwa kukubali kosa, si kesi kusikilizwa. Mtu ambaye amekwisha kukiri polisi hana cha kujadiliana nacho. Ungamo likishakuwa kwenye jalada, wakili wake humshauri achukue miaka anayopewa. Ndiyo kusema uamuzi wa Price, wa kulitupa ungamo kabla halijafika mbele ya watu 12, ungekuwa mkubwa kuliko hotuba yoyote ya mwisho mahakamani, na pengine usingeonekana na mtu.

Sheria imekuwa ikisogea, polepole. Julai 2021 Illinois ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuwakataza polisi kuwadanganya watuhumiwa walio chini ya miaka 18 wakati wa mahojiano, na Oregon, kulikotoka shauri la Frazier, ikafuata mwaka huohuo. Katika New York muswada unaogusa watuhumiwa wa umri wote uliwasilishwa katika Bunge la jimbo mwaka 2021, kwa hiyo ulikuwa tayari mezani Price alipokuwa akibishana na wenzake kwenye skrini. Yusef Salaam alichaguliwa Novemba 2023 kuwa diwani wa Halmashauri ya Jiji la New York, akiiwakilisha Harlem.

Kuhusu Cosby, waendesha mashtaka wa Pennsylvania waliiomba Mahakama ya Juu ya Marekani iliangalie upya neno la Castor. Machi 7, 2022, siku 11 baada ya "The Right Thing" kurushwa, mahakama hiyo ilikataa kulisikiliza ombi lao, bila kutoa sababu. Tamthilia iliendelea. Donovan, pamoja na mpelelezi wake Cosgrove, hakuwamo msimu wa 23 ulipoanza Januari 2024. Mwezi uliofuata Waterston naye akaaga. Price alibaki.